Skrubu ya Nne

Uyole, Juni. Maji ya ndoo yameota ngozi ya barafu.
Nabonyeza swichi, feni inazunguka,
halafu: pii, pii, pii.
Milio mitatu, na skrini nyeusi kama tako la sufuria.

Niliiunda mwenyewe, mashine hii.
Kasha lilitoka mnada wa hospitali,
bado lina namba ya wodi kwa rangi nyeupe.
Ubao mama ulivuka mpaka Tunduma ndani ya robota la mitumba,
umeviringishwa kwenye sweta la mtoto.
Kumbukumbu, vijiti viwili, giga nne kwa nne,
aliniuzia Lusekelo wa Mwanjelwa,
kibanda kati ya fundi viatu na muuza dagaa.
"Dada, hizi hazina shida. Zikisumbua, rudi."

Saa sita, jua likishapasha bati, inawaka.
Nachapa barua za watu: maombi ya kazi,
mkataba wa shamba la viazi, ratiba ya mazishi.
Jioni nazima. Alfajiri: pii, pii, pii.

Siku nyingine inawaka, lakini inasahau.
Nimefika aya ya tatu ya wosia wa mtu,
skrini inageuka buluu,
na wosia umekwenda.
Mwenyewe yuko kwenye benchi, kofia magotini.
"Tuanze tena, mama," anasema. "Ng'ombe ni wale wale."

Nikarudi kwa Lusekelo, kama alivyoniambia.
Sikurudi kwa upole.
Nilimwita mwizi mbele ya wateja wake,
nikasema anauza vya jalalani,
nikamtaja na mama yake.
Hakujibu. Alivichomeka vijiti kwenye mashine yake,
akaiacha programu ya kupima ihesabu.
Namba zikapita saa nzima,
mimi nimesimama, mikono kifuani.
Makosa: sifuri.
"Umeichezea," nikasema, nikaondoka navyo.

Usiku huo nilikaa sakafuni na tochi ya simu.
Nikayasugua meno ya dhahabu kwa kifutio cha Tusajigwe,
kile chekundu upande, buluu upande.
Nikapuliza vumbi la mkaa.
Kijiti cha kwanza, tundu la kwanza: inawaka.
Cha pili, tundu la kwanza: inawaka.
Cha kwanza, tundu la tatu: pii, pii, pii.
Cha pili, tundu la tatu: pii, pii, pii.

Basi vijiti havina neno.
Ni mahali.

Nikaupima ubao kwa rula ya shule.
Umepinda. Unene wa ukucha, si zaidi,
pale feni kubwa ilipofungwa kwa skrubu nne.
Ya nne niliikaza mimi,
nakumbuka,
siku mwenye nyumba alipokuja kudai kodi mara ya pili.
Nilizungusha bisibisi hadi kiganja kikauma,
nikaona raha: angalau kitu kimoja humu hakitalegea.
Baridi ikaja, ikaongeza yake.

Nikailegeza. Robo. Robo tena.
Ubao ukatoa mlio mdogo, tik,
kama kidole kilichovutwa.

Alfajiri, ndoo ina ngozi tena.
Nabonyeza. Mlio mmoja.
Giga nane, zote.
Nikaiacha programu ihesabu, nikachemsha chai,
nikamfunga mtoto kamba za viatu.
Mizunguko minne. Makosa: sifuri.

Jumamosi nakwenda Mwanjelwa na sadolini mbili za viazi.
Hotuba niliyoifanyia mazoezi tangu Uyole
imeishia Mafiati, sikumbuki hata ilianzaje.
Wateja wale hawatakuwepo, hilo ndilo linalonikera:
nilimtukana mbele ya watu kumi,
nitamwomba radhi mbele ya fundi viatu tu,
ambaye, nasikia, hasahau kitu.